Nimeandika guava 19.0, Gradle imeleta 31.1, seva ina 19.0. Nani anaamua toleo?

#1 KijanaWaHombolo

Wakuu, habari za jioni.

Nina mfumo wa Java wa kupokea zabibu. Mkulima analeta kreti, zinapimwa, stakabadhi inatoka, na Ijumaa meneja anavuta ripoti ya wiki. Kwenye build.gradle, faili la Gradle (zana ya bildi ya Java), nimeandika kwa mkono wangu toleo la Guava, maktaba ya Java ya Google:

`implementation 'com.google.guava:guava:19.0'`

Kwenye laptopu yangu kila kitu kinakwenda na ripoti inatoka. Kwenye seva mfumo unawaka, stakabadhi zinatoka, ila ukibonyeza ripoti unapata hii:

`java.lang.NoSuchMethodError: com.google.common.base.Preconditions.checkArgument(ZLjava/lang/String;Ljava/lang/Object;)V`

Nikafungua folda ya lib kwenye laptopu, nikakuta guava-31.1-jre.jar. Namba hiyo sijaiandika popote. Kwenye seva ipo guava-19.0.jar. Kodi ni ileile, tawi la git ni lilelile.

Hoja yangu ni moja. Mtu akiandika namba ya toleo, zana ya bildi inapaswa kuitii. Kama haiitii, ile namba naiandika ya nini? Na kama inaruhusiwa kutoitii, mbona seva imetii na laptopu imekataa?

#2 FundiBildi

Tuanze na kosa lenyewe, maana wengi huliruka wakakimbilia kufuta kashe.

Soma kilichomo kwenye mabano. Z ni boolean, inafuata String, inafuata Object moja, na V ya mwisho inasema metodi hairudishi kitu. Guava 19 ina checkArgument inayopokea String na safu ya Object. Hiyo ingeandikwa `[Ljava/lang/Object;`, na mabano ya mraba mbele ya L. Kwenye kosa lako hayo mabano hayapo. Umbo la Object moja moja, lisilo na safu, liliongezwa Guava 20.0. Maana yake ndani ya mfumo wako kuna maktaba iliyokompailiwa mbele ya Guava 20 au zaidi, halafu seva inaikutanisha na 19. Lazima ife.

Tuletee majibu ya hii:

`./gradlew dependencyInsight --dependency guava --configuration runtimeClasspath`

#3 MamaPachaNzuguni

Mdogo wangu, kwenye Gradle namba uliyoandika inasomeka "angalau hili". Haisomeki "hili tu". Gradle inakusanya maombi yote, yako na ya kila maktaba uliyoiita na zile zinazoburutwa na hizo, halafu inachukua toleo la juu kuliko yote. Ombi lako la moja kwa moja halina cheo cha pekee mbele ya ombi la maktaba iliyo hatua nne huko chini.

Ukitaka iwe amri kuna `strictly`, au unaandika kwa kifupi `'19.0!!'`. Ila usiiweke hapo leo. Utaiua ripoti hata kwenye laptopu.

#4 Mkisasa

Kwani Maven, ile zana nyingine ya bildi, si hivyo hivyo? Zote zinachukua toleo la juu. Nimeitumia Maven tangu nimeanza kazi na sijaona tofauti.

#5 FundiBildi

@Mkisasa hapana kabisa. Maven haiangalii ukubwa wa namba. Inaangalia umbali kutoka kwenye mradi wako. Ulichoandika wewe kwenye pom.xml, faili la Maven, kiko hatua ya kwanza, kwa hiyo kinashinda daima, hata kama kiko chini kwa matoleo kumi. Vikilingana umbali, kinachotangulia kuandikwa kwenye pom ndicho kinachukuliwa. Hiyo ya mpangilio imeanza Maven 2.0.9.

Faili moja, maombi yale yale, zana mbili, majibu mawili tofauti. Kijana akiandika 19.0 kwenye pom atapata 19.0. Akiandika kwenye Gradle na kuna anayeomba 31.1, atapata 31.1. Na zote mbili zinafanya kazi kama zilivyoandikiwa.

#6 Mkisasa

Basi ndiyo maana kuna watu wanahangaika na exclusions (kuzuia maktaba za kuburutwa) kwenye pom mpaka faili linafika mistari elfu.

#7 KijanaWaHombolo

Asante dada @MamaPachaNzuguni na mkuu Fundi. Majibu haya hapa, nimekata sehemu ndefu:

`com.google.guava:guava:31.1-jre`
`   - By conflict resolution: between versions 31.1-jre and 19.0`
`com.google.guava:guava:19.0 -> 31.1-jre`

Aliyeomba 31.1 ni maktaba ya kutengeneza ripoti. Hata sikujua inatumia Guava.

Jambo la pili. Kupeleka kwenye seva anafanya mwenzangu aliyeko Mtumba. Nimempigia sasa hivi, anasema yeye anabildi kwa `mvn package`. Pom.xml ya zamani bado ipo kwenye mradi, tulihamia Gradle bila kuifuta.

#8 FundiBildi

Uzi ufungwe. Una zana mbili kwenye mradi mmoja. Maven kwake imechukua 19.0 kwa sababu imeandikwa hatua ya kwanza. Gradle kwako imechukua 31.1 kwa sababu ni ya juu. Futa pom.xml, kazi imekwisha.

#9 MzeeWaAnt

Usifungwe bado. Vijana, shikeni adabu kidogo tuangalie seva nayo.

@KijanaWaHombolo naomba mambo mawili. Orodha ya folda ya lib kule seva, yote, si guava peke yake. Na amri mnayoiwashia programu. Nimeona mifumo mingi ikilaumiwa Maven kumbe ugonjwa uko kwenye kunakili mafaili.

#10 KijanaWaHombolo

Shikamoo mzee. Amri ni hii:

`java -cp "kupokea.jar:lib/*" …`

Orodha nimeiomba, jamaa akifika ofisini kesho asubuhi ataituma.

#11 NodeTu

Ndiyo maana mimi nilikimbia Java. Kwenye npm ya JavaScript maktaba A ikitaka toleo la kwanza na B ikitaka la pili, kila moja inawekewa la kwake ndani ya node_modules yake. Hakuna ugomvi, wala hakuna haja ya kuuliza nani anaamua.

#12 MamaPachaNzuguni

@NodeTu na ndiyo maana node_modules yako haiingii kwenye flashi 😄

Lakini tuwe wakweli, Java haina nafasi hiyo. Klasi yenye jina moja inapakiwa mara moja na klasilouda mmoja, ya kwanza kuonekana kwenye klasipathi (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi) ndiyo hiyo. Huwezi kuweka Guava mbili ukategemea kila maktaba itapata yake, labda ubadilishe majina ya pakeji kwa plagini ya shade. Kwa hiyo Maven na Gradle zinalazimika kuchagua moja. Mjadala wa haki ni mmoja tu: zichague kwa kanuni gani.

Na npm nayo ina kesi zake. Machi 2016 mtu alizitoa pakeji zake, mojawapo left-pad, mistari 11 ya kodi, na bildi zikaanguka dunia nzima. Maven Central ukishachapisha toleo huwezi kulifuta wala kulibadilisha. Hilo peke yake linanifanya nilale usingizi.

#13 NodeTu

Ya left-pad ni ya 2016 dada. Walibadilisha sheria za kuondoa pakeji baada ya hapo. Na kuanzia npm 5, mwaka 2017, package-lock.json inakuja yenyewe. Ukiendesha `npm ci` unapata kilekile alichopata mwenzako, herufi kwa herufi. Maven ina faili la kufunga matoleo? Nijibuni.

#14 FundiBildi

Maven yenyewe haina. Gradle inayo, ila lazima uiwashe: unaweka `lockAllConfigurations()` kwenye dependencyLocking, unaendesha na `--write-locks`, inaandika gradle.lockfile. Ila usiseme npm ndiyo imevumbua. Bundler ya Ruby ilikuwa na Gemfile.lock tangu toleo la kwanza rasmi, 2010.

#15 AlizetiSingida

Nafuatilia kutoka Singida. Mimi ni wa Android na kesi yangu inafanana kwa mbali. Kuna mradi niliandikiwa na mtu aliyetangulia, kila dependensi imewekwa alama ya jumlisha: `2.+`. Maana yake "leta la karibuni kabisa linaloanza na 2". Kwangu ilikuwa sawa, kwa mteja ikawa inaanguka, na hakuna aliyegusa kodi. Gradle ikishapata jibu la `2.+` inalikumbuka saa 24, zikipita inauliza upya. Kwa hiyo aliyebildi Jumatatu na aliyebildi Jumatano wanaweza kuwa na vitu viwili tofauti.

@KijanaWaHombolo hakikisha hakuna alama hiyo kwenye faili lako.

#16 KijanaWaHombolo

Nimeangalia mkuu, hakuna.

#17 AlizetiSingida

Safi. Na kama una `jcenter()`, lile ghala la zamani la maktaba, kwenye faili iondoe. Walitangaza kuifunga Februari 2021 lakini bado naikuta kwenye miradi ya watu kila mwezi.

#18 MwakaWaNneCIVE

Samahanini wakubwa, naomba kuuliza nikiwa nafuatilia. Nimepanga Ng'hong'ona, natumia bando la simu. Nikiwa napakua dependensi za Maven mtandao ukikatika katikati, nikirudia inagoma papo hapo bila hata kujaribu, inasema haitajaribu tena mpaka muda upite. Hii nayo ni mambo ya nani anaamua?

#19 MamaPachaNzuguni

Hiyo ni kumbukumbu ya kushindwa. Nenda kwenye ~/.m2/repository, ndani ya folda ya maktaba husika utaona faili linaloishia na `.lastUpdated`. Maven imejiandikia "nilienda ghala kuu sikupata", na haiendi tena mpaka muda wa kuuliza upya ufike, kwa kawaida siku moja. Futa hilo faili, au endesha `mvn -U`. Usifute .m2 nzima kama wanavyoshauriana kwenye magrupu, utamaliza bando bure.

Ukishapakua kila kitu tumia `mvn -o`, kwa Gradle ni `--offline`. Hapo haigusi mtandao kabisa.

#20 MwakaWaNneCIVE

Asante sana mama. Tunachofanya sisi ni mmoja anapakua, wengine tunanakili .m2 yake kwenye flashi. Inafanya kazi mara nyingi, ila mara nyingine Maven inakataa faili ambalo naliona lipo kwa macho.

#21 FundiBildi

Kwa sababu ndani yake kuna `_remote.repositories`, faili linaloandika kila jar ilitoka ghala gani. Ukiwa na settings.xml yenye kitambulisho tofauti cha ghala, Maven mpya zinaona hii jar haikutoka ghala ninalolijua na zinaenda kuitafuta upya. Kubalianeni jina moja la mirror kwenye settings.xml zenu wote. Au mtu mmoja aweke Nexus (ghala la ndani la jar) kwenye laptopu yake, wengine mchukue kwake kwa waifai ya ndani. Kila jar itapakuliwa mara moja tu kwa bando la mtu mmoja.

#22 Mkisasa

Huyo mtu mmoja ndiye atakayelia 😂

#23 MpwapwaMoja

Narudi kwenye swali la mleta uzi, maana mmelikimbia. Amesema zana itii namba iliyoandikwa. Wote mmemwambia hapana, Gradle inapandisha, Maven inaangalia umbali. Hamkumwambia kama ana haki.

Mimi nasema ana haki, na kuna zana inayokaribia anachotaka. Go, tangu moduli ziingie kwenye 1.11 mwaka 2018, inatumia utaratibu wa Russ Cox: kila moduli inataja toleo la chini linaloitosha, na Go inachukua la juu kati ya yaliyotajwa tu. Haiendi kutafuta jipya lililotoka jana. Kesho ukibildi, mwakani ukibildi, jibu ni lile lile kwa sababu faili ni zile zile.

#24 FundiBildi

@MpwapwaMoja la juu kati ya yaliyotajwa ndicho Gradle inachofanya mtu asipoweka `+` wala masafa ya matoleo (kutoka hili hadi lile). Hapo tofauti iko wapi? Kijana angekuwa kwenye Go angeandika 19 na angepata 31.1 vilevile.

#25 MpwapwaMoja

Kwa matoleo ya familia moja, ndiyo. Lakini Go ukivuka toleo kubwa jina la moduli linabadilika, linawekwa /v2, /v3, na zote zinaweza kukaa pamoja. Guava kutoka 19 hadi 31 ingekuwa majina tofauti. Asingepandishwa kimya kimya.

#26 MamaPachaNzuguni

Hapo kweli. Kanuni ya "la juu linashinda" inasimama kwenye imani moja: toleo jipya halivunji la zamani. Guava yenyewe imewahi kuivunja. `Objects.toStringHelper` ilihamishiwa MoreObjects kwenye 18, kwenye 21 ikaondolewa kabisa. Ukiwa na maktaba ya zamani inayoiita, Gradle ikakupandisha hadi 31, utapata NoSuchMethodError ya upande wa pili. Kanuni ya Maven ingekuokoa hapo, na ingekuua kwenye kesi ya huyu kijana. Hakuna kanuni inayojua kilichomo ndani ya jar. Zote mbili zinasoma namba tu.

Guava wenyewe wanaijua tabia hii ya Gradle na wameitumia. Fungueni folda zenu za lib mtaona jar inaitwa `listenablefuture-9999.0-empty-to-avoid-conflict-with-guava`. Ni jar tupu. ListenableFuture iliwahi kutolewa peke yake kama toleo 1.0, na mradi ukiwa na hiyo pamoja na Guava nzima klasi inakuwepo mara mbili. Wakatoa 9999.0 isiyo na kitu, Guava ikawa inaiita, ili zana inayochukua la juu ichukue tupu na ile 1.0 itoke. Namba ya 9999 haina maana nyingine zaidi ya kushinda.

#27 MwakaWaNneCIVE

Nimeiona hiyo jar tangu mwaka wa pili nikadhani ni kirusi.

#28 MlinziWaLango

Nimesoma wote. Nami niseme la upande wangu, usalama.

Mnajadili kanuni ipi ni nzuri wakati tatizo la kwanza ni kwamba mleta uzi hakujua Guava 31.1 imo kwenye mfumo wake. Desemba 2021 ilipotoka habari ya udhaifu wa Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za mfumo (CVE-2021-44228), swali la kwanza kwa kila ofisi lilikuwa dogo: tunayo log4j-core, na ni toleo gani? Kuanzia 2.0-beta9 hadi 2.14.1 ulikuwa hatarini. Nilikaa na timu ambayo iliapa haitumii Log4j, na kwenye pom yao kweli haikuwemo. `mvn dependency:tree` ikaonyesha imeburutwa na maktaba ya watu wengine. Halafu marekebisho yakaja kwa kufuatana, 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0, 2.17.1, na kila mara tulilazimika kuhakikisha toleo lililoandikwa ndilo lililofika kwenye seva.

Hapo ndipo `dependencyManagement` ya Maven ina thamani. Ukitaja toleo pale, linashika hata kwa dependensi za kuburutwa, popote zilipo kwenye mti. Kwa Gradle ni `constraints`, ila ukitaka lishike kama amri unaliweka na `strictly`.

Na msiache folda za ghala la ndani na la nje zikichanganyika ovyo. Februari 2021 Alex Birsan alionyesha jinsi anavyoweza kuchapisha pakeji ghala la wazi kwa jina la pakeji ya ndani ya kampuni, akiweka namba kubwa zaidi, na zana zikachukua ya kwake. Kanuni ya "la juu" hiyo hiyo.

#29 MpwapwaMoja

Nakazia la mwisho.

#30 KijanaWaHombolo

Wakuu habari za asubuhi. Orodha ya lib ya seva imefika. Naweka zinazohusu Guava tu, nyingine sijaona tatizo:

`guava-19.0.jar`
`guava-31.1-jre.jar`
`failureaccess-1.0.1.jar`
`listenablefuture-9999.0-empty-to-avoid-conflict-with-guava.jar`

Jana nilikuwa nimeangalia haraka nikaishia kwenye 19. Zipo mbili. Mwenzangu anasema mwezi uliopita alijaribu kupeleka bildi ya Gradle, juzi akarudi kwenye Maven. Ananakili juu kwa juu, hafuti za zamani. Na anakumbuka kuna siku ripoti ilitoka vizuri kwenye seva hiyo hiyo.

#31 MzeeWaAnt

Ndilo nililokuwa nalisubiri.

Kijana, angalia amri yako: `lib/*`. Ile nyota Java inaifungua kuwa orodha ya jar zote, na maelezo rasmi ya Java yanasema wazi kwamba mpangilio wa orodha hiyo haujabainishwa, unaweza kutofautiana mashine hadi mashine, hata wakati na wakati kwenye mashine moja. Una Guava mbili, itakayotangulia ndiyo inayosomwa. Siku 31.1 imetangulia ripoti inatoka. Siku 19 imetangulia inakufa. Maven na Gradle hazimo kwenye chumba hicho.

Tulipokuwa na Ant peke yake, zana ya bildi ya zamani, jar zilikaa ndani ya mradi, unazihesabu kwa macho, na kila moja mtu aliiweka kwa sababu anayoijua. Sisemi turudi huko. Nasema folda ya lib ifutwe kabla ya kunakili, kila mara, na anayefanya hivyo awe ni skripti.

#32 FundiBildi

Mzee, heshima kwako, lakini 19.0 iliingiaje humo? Iliingia na bildi ya Maven ya juzi. Pasingekuwa na pom.xml isingekuwepo. Chanzo ni pom.

#33 MzeeWaAnt

Na angefuta folda kabla ya kunakili bildi ya Maven, angepata kosa kila siku badala ya siku moja moja, akaligundua siku ya kwanza. Kilichomchelewesha ni folda.

#34 MamaPachaNzuguni

Chanzo ni namba 19.0 yenyewe. Kijana, kodi yako inatumia Guava wapi?

#35 KijanaWaHombolo

Sehemu moja tu dada, `Strings.isNullOrEmpty`. 19.0 ilikuwa kwenye mfano nilionakili nilipoanza mradi.

#36 MamaPachaNzuguni

Basi Guava hata huihitaji. Mstari mmoja wa Java unafanya kazi hiyo. Ondoa tamko lako kwenye faili zote mbili, maktaba ya ripoti ilete 31.1 ya kwake inayoitaka. Hapo hata Maven ingeleta 31.1, kwa sababu hakuna aliye karibu zaidi. Kila dependensi unayoitaja ni sauti kwenye uamuzi. Usiipe sauti maktaba usiyoihitaji.

#37 MlinziWaLango

Siafiki sehemu moja. Akiondoa tamko, kesho maktaba ya ripoti ikitoa toleo jipya na Guava nyingine atabebwa tu. Afadhali aitaje kwenye `constraints` kwa `strictly`, na sababu yake, Gradle inakubali kuandika `because` na maneno yako, na dependencyInsight itayaonyesha. Atakayekuja baada yake atajua.

#38 FundiBildi

Au aweke `failOnVersionConflict()`, bildi ianguke kila zikigongana, mtu aamue kwa mkono. Wa Maven wana Enforcer yenye dependencyConvergence.

#39 Mkisasa

Jaribu hiyo kwenye mradi wa Spring uone kama utakwenda nyumbani siku hiyo.

#40 MwakaWaNneCIVE

Mhadhara mmoja tuliambiwa kutafuta seti ya matoleo yanayokubaliana, pakiwa na masafa, ni NP-kamili, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kila mara. Hivyo Maven na Gradle zinakwepa kwa kanuni rahisi?

#41 MpwapwaMoja

Kwa kiasi kikubwa ndiyo. Wengine wameamua kupambana nalo. pip ya Python tangu 20.3 mwaka 2020 inarudi nyuma na kujaribu upya ikikwama, ndiyo maana wakati mwingine inapakua matoleo mengi ya kitu kimoja, na kwa bando la simu unaumia. Wa lugha ya Dart walitengeneza PubGrub, 2018, uzuri wake ni kwamba ikishindwa inakueleza kwa maneno ya kueleweka nani anagombana na nani.

#42 KijanaWaHombolo

Wakuu, nimewaelewa. Mwenzangu amefuta lib, amebildi kwa Gradle, amenakili upya. Ameiwasha na `-verbose:class`, inaonyesha Preconditions imetoka kwenye guava-31.1-jre.jar, na ripoti imetoka.

Pom.xml nimeifuta. Swali ninalobaki nalo: kati ya `constraints` ya @MlinziWaLango na kuondoa kabisa ya dada @MamaPachaNzuguni, sijaamua.

#43 Mkisasa

Zabibu zikianza kupokelewa utuambie bei ya kreti. Hilo nalo halijaamuliwa.

#44 MamaPachaNzuguni

Ondoa tamko, washa lockfile, iweke kwenye git. Atakayebeba toleo jipya litaonekana kwenye mabadiliko ya faili na mtu atalisoma kabla ya kuunganisha.

#45 MlinziWaLango

Lockfile inaonyesha kilichobadilika, haionyeshi kwa nini hukutaka kibadilike. Mimi nabaki na constraints.

#46 KondoaStesheni

Habarini. Nimesoma uzi wote, ila mimi kosa langu ni la jackson-databind 2.15 na jackson-core 2.9 kwenye mradi mmoja, Maven, na kwa upande wa Jackson kwenye pom nimeandika databind peke yake. dependency:tree inaonyesha core ya 2.9 iko hatua ya pili na imeletwa na maktaba nyingine. Databind nayo inaileta core yake hatua ya pili. Nimetaja ile nyingine juu ya databind. Ndiyo ile ya mpangilio kwenye #5?

#47 FundiBildi

Ndiyo hiyo hiyo. Usihamishe mistari, kesho mtu atairudisha. Weka jackson-bom (pom inayopanga matoleo ya Jackson yote) kwenye dependencyManagement na scope ya `import`, zote zitakaa toleo moja. Halafu lete mti mzima hapa, nahisi jackson-annotations nayo imeachwa nyuma.